Wageni wa Ukuta wa Nyuma

Mtu alipiga hodi ukutani, naye Dionis akamkaribisha.

Alikuwa kibarazani, amechutama mbele ya jiko la mkaa, anasonga ugali wa jioni. Sauti ilikuwa ya mwanamume, sauti ya mtu aliyechoka, nayo ilisema "hodi" kwa adabu zake zote. Dionis alijibu "karibu" bila kuinua macho, kama ambavyo angejibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Akaendelea kusonga. Ugali ulipoanza kushikana ndipo alipotambua kwamba mbele yake hapakuwa na mtu, na kwamba hodi ile haikutoka upande wa mlango.

Nyumba ya kambi ilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa hapo hapo kibarazani, ukitazama barabara mpya. Hodi ilitoka mwisho wa nyumba, kwenye chumba cha nyuma walimokuwa wakiweka majembe na vibao vya alama. Ukuta wa chumba kile haukuwa na mlango wala dirisha.

Aliipua sufuria, akachukua panga, akazunguka nyumba. Nyuma palikuwa na nyasi, shimo la taka, na mbele kidogo barabara ya zamani, ambayo tayari ilikuwa imeanza kuota majani katikati. Jua lilikuwa linazama upande wa Ulyankulu. Hakuona mtu. Alirudi akala ugali wake kwa dagaa, akajiambia kwamba ni mpita njia tu, alitaka maji, akaona kimya, akajiendea.

Lakini kule nyuma hapakuwa na mpita njia tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga njia ile.

Dionis alikuwa msimamizi wa matengenezo wa kipande cha barabara kinachotoka Tabora mjini kwenda Ulyankulu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mitaro haizibi, kalvati za kupitisha maji hazijai mchanga, mashimo yanafukiwa kabla hayajawa madimbwi, na greda linapita kabla ya masika na baada yake. Watu wa umri wake walikuwa wakiomba kuhamishiwa ofisini mjini. Yeye aliomba kinyume. Baada ya kumzika mkewe Bernadeta, nyumba yao ya Ntalikwa ilimshinda. Kila alipogeuka alikuta kitu chake, ungo wake, kanga zake, viatu vyake vya kwendea kanisani. Akaomba kambi ya Kasungwa, nyumba ya vyumba vitatu katikati ya miombo, mbali na kijiji kiasi kwamba hata jogoo wa watu hawakusikika. Binti yake wa pekee, Julieth, alikuwa mwalimu Mwanza. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mtandao ukiwa mbaya, Jumapili ilipita hivyo hivyo.

Pale kambini aliishi na Majidi, dereva wa greda, mzaliwa wa Tabora mjini, mtu wa mizaha, aliyelala chumba cha mbele na kurudi kwa mkewe na watoto kila mwisho wa juma.

Kiangazi kile wawili hao walikuwa wameinyoosha barabara. Ile ya zamani ilifuata njia ya misafara, njia waliyopita wapagazi na pembe za ndovu na majora ya nguo mabegani enzi za mababu, na hapo Kasungwa ilipinda ghafla kulizunguka kundi la mawe makubwa. Malori ya tumbaku yalikuwa yakipinduka kwenye kona ile. Wazee wa kijiji walisema mawe yale yalikuwa kituo. Hapo misafara ilitua mizigo, na hapo walioshindwa kwa ugonjwa waliachwa, wakiwa bado wanaongea, kwa sababu msafara haukuwa na nafasi ya kumngoja mtu. Ndiyo maana kila aliyepita hapo kwa miguu au kwa baiskeli alitupa jani au chembe ya unga penye mawe, akaendelea na safari. Dionis, Mkatoliki tangu kuzaliwa, naye alikuwa akitupa jani. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Kisha yeye akapiga vigingi, Majidi akalima kwa greda, changarawe ikamwagwa na kushindiliwa, na barabara mpya ikapita moja kwa moja kama uzi. Siku ya mwisho Dionis aliweka tuta la udongo na matawi ya miiba kwenye mdomo wa ile ya zamani. Tangu hapo magari yalipita kasi mbele ya kambi, vumbi likatanda, likatulia. Kule kwenye mawe hakuna aliyekwenda.

Jioni iliyofuata hodi haikusikika. Kilichosikika ni kitu kikitua.

Kilikuwa kishindo kizito ndani ya chumba cha nyuma, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyeushusha mzigo alioubeba tangu alfajiri. Dionis alichukua tochi akafungua. Majembe yalikuwa mahali pake. Vibao vya alama vilikuwa vimeegemea ukuta. Kulikuwa na harufu tu: jasho la watu wengi, ngozi mbichi, moshi wa kuni, na chini ya hayo yote harufu tamu nzito ya kidonda kilichooza. Alipopiga hatua moja ndani, goti lake likajigonga kwenye kitu. Alimulika chini. Sakafu ilikuwa tupu. Alinyoosha mkono polepole mahali palipokuwa patupu, na vidole vyake vikagusa kitu kigumu, cha mviringo, baridi kama jiwe la kisimani.

Alirudi nyuma, akafunga mlango, akasali rozari nzima akiwa amesimama.

Jioni baada ya jioni, jua lilipokuwa linashika miti, mizigo ilitua. Mmoja, halafu mwingine, halafu mingi kwa pamoja, na baada yake zile pumzi. Ilifika mahali chumba cha nyuma hakikuingilika. Ukisukuma mlango, unasukuma kitu. Majembe yao wakayahamishia kibarazani. Majidi aliuliza kulikoni, na Dionis akamwambia mbao za dari zimeanguka, atazitengeneza.

Kwa nini alidanganya? Kwa sababu hakuwa anaogopa kama alivyopaswa. Jioni ya kwanza na ya pili aliogopa. Halafu akaanza kukaa kitandani kwake, mgongo ukiwa umeegemea ukuta uliomtenga na chumba kile, akisikiliza. Walikuwa wanaongea. Kilikuwa Kinyamwezi cha zamani, kizito, kama alichokuwa akikisikia kwa babu yake utotoni, na mambo yao yalikuwa ya kawaida kabisa: miguu inauma, maji ya kisima kile ni machungu, kesho ni mbali. Kuna aliyekohoa. Kuna aliyecheka kidogo kwa sauti ya chini, na wenzake wakamcheka kwa kucheka kwake. Tangu Bernadeta aondoke, Dionis alikuwa hajasikia watu wakiongea upande wa pili wa ukuta wakati yeye akisinzia, na alikuwa hajui ni kwa kiasi gani alikuwa amekikosa kitu hicho. Akaanza kuweka chungu cha maji mlangoni pa chumba kile. Asubuhi kilikuwa kikavu. Akaanza kuharakisha kazi barabarani ili jua lisizame yeye hajafika nyumbani.

Majidi ndiye aliyelipia hayo.

Kwanza aliamka amechoka. Kisha akaamka na bega la kulia limevimba, na ngozi yake imechubuka kwa mstari mpana, kama la mtu aliyebeba gogo masafa marefu. Nyayo zake zilikuwa na malengelenge. Asubuhi moja alishindwa kupanda kwenye greda. Alikaa kwenye ngazi ya mashine, uso umesawijika, akamwita Dionis kwa sauti ya chini kana kwamba kuna wa kuwasikia pale kwenye jua.

"Mzee, nikuulize kitu. Wewe huku unalala?"

"Nalala. Kwani nini?"

"Mimi silali. Yaani, nalala, lakini naenda. Usiku kucha natembea, mzee. Kuna mtu mbele yangu namwona mgongo tu, na nikisimama nyuma wananisukuma. Naamka nipo kitandani na viatu sijavaa, na miguu iko hivi." Akamwonyesha nyayo. "Tuondoke hii nyumba. Mpigie mkuu, mwambie tuhamie kijijini, tutapanga vyumba."

"Ni homa, Majidi. Nenda zahanati, upimwe malaria."

"Nimepimwa. Sina." Alimtazama Dionis machoni. "Kuna kitu humo nyuma, na wewe unakijua. Nakusikia unawasalimia."

Dionis alimwambia akapumzike, yeye atawasimamia vibarua wa kufyeka. Njiani alijisikia vibaya, na alikusudia, kweli alikusudia, kupiga simu ofisini mchana ule.

Lakini aliporudi kambini saa za adhuhuri kuchukua simu, nyumba ikiwa kimya na jua limesimama utosini, alisikia hodi kutoka ukuta wa nyuma, na safari hii haikuwa ya mwanamume.

"Hodi, Dioni."

Mtu mmoja tu duniani alikuwa akimwita Dioni. Alimzika mwenyewe, alishika kamba ya jeneza kwa mikono yake.

"Berna?"

"Mbona umeniacha nje? Jua kali hivi. Nimezunguka nyumba nzima sioni mlango wa huku."

"Njoo mbele, mke wangu. Mlango uko mbele."

"Huko siwezi kupita. Nifungulie huku."

Alichukua sururu kibarazani. Hakufikiri juu ya chochote. Mlango wa chumba cha nyuma, ambao kwa siku nyingi haukusukumika, ulifunguka kama mlango wowote, na ile mizigo isiyoonekana ilikuwa imempisha katikati njia nyembamba ya kutosha mtu mmoja, akapita huku mapaja yake yakigusa vitu asivyoviona, akafika kwenye ukuta, akainua sururu. Tofali zilikuwa za kuchoma, zimejengwa kwa udongo. Zilibomoka upesi. Kila pigo sauti ya Bernadeta ilimwambia, "Hapo hapo, Dioni, bado kidogo," na jasho likamwingia machoni, na tundu likapanuka hadi likatosha kichwa, naye akainama kuchungulia.

Nje kulikuwa mchana. Aliingia ndani ya nyumba jua likiwa utosini, na mgongoni mwake, kupitia mlango mkuu uliokuwa wazi, mwanga mweupe wa adhuhuri ulikuwa bado umelala sakafuni. Lakini ndani ya tundu lile kulikuwa magharibi. Aliona mbingu nyekundu, na chini yake barabara ya zamani bila jani hata moja, nyekundu, imekanyagwa ikakanyagika, na pembeni mwake watu wameketi kwa safu, wengi kuliko macho yake yalivyoweza kufuata, kila mmoja na mzigo kati ya magoti, wote wamekonda, wote wamegeuza nyuso kumtazama kwa ule utulivu wa watu walioambiwa wangoje, na katika safu ya karibu, akiwa na ovaroli yake ya bluu na bega lake limefura, mzigo uko magotini na midomo imekauka, aliketi Majidi.

Bernadeta hakuwemo.

Dionis aliitupa sururu, akakimbia hadi chumba cha mbele. Majidi alikuwa kitandani, macho wazi, hatazami kitu. Kifua chake kilipanda mara moja, kikakaa sana, kikashuka. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa miguuni mpaka magotini.

"Majidi! Majidi, baba, amka!"

Hakuamka. Dionis alitoka mbio mpaka barabarani, akatafuta mtandao akiwa amesimama juu ya tuta la kifusi, na hakumpigia mkuu wa kazi. Alimpigia Bi Amne, shangazi yake Majidi, mganga wa Tabora mjini, ambaye Majidi alikuwa akimtania kila siku kwamba anawajua majini wengi kuliko majirani zake.

Bi Amne alifika kwa pikipiki ya kukodi alasiri, mwanamke mnene aliyefunga kilemba, miwani imefungwa kwa uzi, kikapu mapajani. Alishuka akilalamika mgongo. Dionis alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia "Marahaba" huku tayari anaingia ndani. Alikaa na Majidi kwa muda, akamsomea, akampaka mafuta utosini na nyayoni. Kisha akaenda chumba cha nyuma, akasimama kizingitini bila kuvuka, akanusa.

Alipotoka alikuwa amebadilika uso.

"Ni nani aliyewakaribisha?"

"Mama, nilijibu hodi tu. Nilikuwa napika."

"Sikulaumu. Nakuuliza ni nani."

"Ni mimi."

Bi Amne aliketi kwenye ngazi ya kibaraza, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga. Akamweleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake. Aliyepo ni jini wa njia. Jini wa namna hiyo hana nyumba, ana mahali pa kupitiwa, na riziki yake ni kupitiwa. Pale kwenye mawe alikuwa amekaa tangu misafara ya kwanza, na wale walioachwa wakafia pale aliwakusanya wakawa watu wake. Jani moja, chembe ya unga, kukanyaga kwa mguu, vilimtosha. Sasa hapiti mtu. Amekuja kuwatafuta waliomwondolea wapita njia, na kwa kuwa msafara wake umepungukiwa, anatafuta wapagazi.

"Mfukuze, mama. Nitakupa chochote."

"Sitaki kitu chako. Ningeweza kumfukuza mwizi, huyu ni mgeni. Amepiga hodi, amekaribishwa, amepewa maji. Umewapa maji, au sivyo?"

Dionis aliinamisha kichwa.

"Basi ni wageni wako, na utawasindikiza wewe. Leo hii, kabla jua halijazama. Mtoto wangu yule hafiki kesho."

Akampa maagizo. Ataingia chumbani, atawaambia kwamba wamekaa vya kutosha na yeye anawatoa njiani. Atauinua mzigo wa kwanza utakaomgusa, maana huo ndio wa mkubwa wao, na ukitoka huo mingine itafuata. Atapita barabara ya zamani hadi kwenye mawe. Hapo atautua mzigo, atawatakia safari njema, ataondoka.

"Watakuomba usogee nao kidogo. Usisogee. Watakuletea mtu unayemtaka. Usimjibu. Lakini kubwa ni mzigo. Utautua chini, na utarudi mikono mitupu, hata kama unalia. Umenisikia?" Aliitazama rozari shingoni mwa Dionis. "Hiyo ivae, haidhuru."

Dionis aliingia. Alisema maneno aliyoambiwa kwa Kinyamwezi cha babu yake, kadiri alivyokikumbuka, na minong'ono ikakatika. Kitu kikamgusa paja. Aliinama, akakikumbatia, akakiinua begani, na miguu yake nusura ikunjike: kilikuwa kirefu, kimepinda kidogo, baridi hata kupitia shati. Akatoka nacho mlango wa mbele, akampita Bi Amne aliyekuwa amefumba macho anasoma kwa sauti ya chini, akazunguka nyumba, akavuka tuta alilolijenga mwenyewe, miiba ikamchana miguuni, akashika barabara ya zamani.

Mwanzo alisikia viatu vyake tu. Kisha nyuma yake kukaongezeka mguu mmoja peku, halafu miwili, halafu ikawa mingi hata hakuweza kuitenga, mlio laini mzito wa nyayo ukilala juu ya udongo kama mvua inayokuja kutoka mbali, na harufu ile ya ngozi na vidonda ikamfunika kutoka nyuma, na kengele ndogo ikalia mahali fulani mbele yake ingawa mbele yake hapakuwa na mtu, na kila alipotaka kusimama kupumua alihisi pumzi ya moto ya aliye nyuma yake ikimgusa shingoni, basi akaenda, begani mzigo unamkata, miombo pande zote mbili imesimama bila kutikisika jani, hakuna ndege, hakuna nyuki, na jua limeshuka hadi limekuwa jekundu kama lile aliloliona kwenye tundu la ukuta, akaenda huku anahesabu Salamu Maria na kupotea na kuanza upya, mpaka mawe yakatokea mbele yake, makubwa, meusi, na kivuli chake na cha mawe vikaungana.

"Tumefika," alisema. "Mimi naishia hapa. Safari njema, jamani."

Wakaanza kumpita. Hakuwaona. Alihisi upepo wa kila mmoja akipita ubavuni, na wengine walimgusa mkono kidogo kama watu wanavyoagana. Mmoja alimwambia kwa upole, "Sogea nasi kidogo, mwenyeji." Hakusogea. Mwingine akamwambia. Hakusogea. Nyayo zilizunguka kona, zikafifia, kengele ikalia kwa mbali.

Alipiga magoti ili autue mzigo.

Hapo hapo ukawa mwepesi. Ubaridi ukauacha. Kilichokuwa begani hakikuwa tena kigumu. Kilikuwa laini na chenye joto, kizito kama kichwa cha mtu aliyelala, nacho kilinukia sabuni ya kipande na moshi wa jikoni na mafuta ya nazi, harufu ambayo Dionis alikuwa ameitafuta kwenye mito na kanga mpaka ikaisha.

"Dioni," sauti ilimwambia sikioni. "Usiniache njiani."

Alikaa pale, magoti kwenye udongo, analia kwa sauti kama mtoto. Alisema, "Berna, nimeambiwa." Kitu kile kilitulia tu begani mwake, kinapumua. Kona nzima sasa ilikuwa kimya. Wote walikuwa wamekwenda. Jua lilibaki ukucha tu juu ya miti. Dionis aliangalia ile barabara nyuma yake, na mwisho wake nyumba, na ndani ya nyumba vyumba vyake vitatu.

Bi Amne alimsubiri kibarazani, taa ya chemli imewashwa. Ndani, Majidi alikuwa amelala usingizi wa kweli, anakoroma, jasho linamtoka.

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda, mama."

"Umetua?"

"Nimetua."

Bi Amne aliinua taa, akammulika uso, kisha bega la kushoto, kisha uso tena. Akaishusha taa.

"Kesho namchukua mtoto wangu," alisema. "Huyu halali tena hapa."

Majidi alipona. Bega lilibaki na kovu, lakini alirudi kwenye usukani kabla ya masika, upande wa Nzega, kwenye barabara ya Bukene, na hakuwahi tena kukubali kazi ya upande wa Ulyankulu. Dionis aliliziba tundu la ukuta kwa tofali na saruji. Chumba cha nyuma kikarudi kuwa cha majembe. Madereva wengine wa greda waliletwa kambini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyelalamikia hodi wala harufu, lakini hakuna aliyekaa. Walisema mzee ni mtu mwema, ila hawezi mtu kukaa naye chumba kimoja. Ukikaa naye unajiona kama umekatiza maongezi ya watu.

Mvua zilipokwisha Julieth alikuja kutoka Mwanza kumtaka baba yake astaafu mapema, wakaishi wote. Alimkuta barabarani, anasimamia uzibuaji wa kalvati. Alishtuka jinsi alivyokonda na jinsi alivyoinama upande mmoja. Alimkimbilia, akamkumbatia, mkono wake ukazunguka bega la kushoto la baba yake.

Akauondoa mkono upesi, akarudi nyuma.

"Baba," alisema, karibu bila sauti. "Baba, hapo kuna mkono."

"Ni baridi tu, mwanangu. Bega linanisumbua."

"Mkono huo umenishika vidole."

"Julieth. Twende ukale."

Binti alikula kidogo. Hakulala, alikaa kwenye kiti mpaka kulipokucha, na basi la kwanza lilipopita alilisimamisha. Dirishani alilia, akamwambia atapiga simu Jumapili. Dionis alimpungia kwa mkono wa kulia mpaka vumbi likatulia.

Kisha akarudi kibarazani, akachutama kuwasha jiko. Asubuhi ilikuwa na ukungu na hapakuwa na gari. Alisema, "Ameondoka mtoto wetu," akangoja, kama alivyokuwa akingoja kila siku tangu jioni ile ya mawe, lile neno moja tu. Halikuja. Halikuwahi kuja. Harufu ya sabuni ilikuwa imekwisha siku nyingi. Kilichobaki kilikuwa pumzi karibu na sikio lake, nzito, ya kukoroma kidogo mwishoni, na Dionis, ambaye alilala na mkewe kitanda kimoja miaka yote ile, alikuwa ameshajua muda mrefu kwamba ilikuwa pumzi ya mwanamume.

Aliusogeza mzigo ukae vizuri begani, akapuliza mkaa.